Kioo cha Kufutwa

Anayeharibu lenzi ya kamera mara nyingi ni yule yule anayeisafisha. Mpiga picha wa harusi na sherehe za kutambulisha wachumba pale Mafubira, pembeni mwa Jinja, hufanya kazi kandokando ya barabara za moramu ambazo wakati wa kiangazi hutifua vumbi jekundu kila bodaboda inapopita, na matrekta ya miwa ya Kakira nayo huongeza la kwao. Vumbi hilo si laini kama linavyoonekana likitua kwenye nguo. Wekundu wake unatokana na madini ya chuma, lakini ndani yake mna pia chembe za kwatzi, madini yale yale yanayofanya mchanga. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kwatzi ina 7, wakati kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Kwa hiyo mtu anayeshika pindo la shati na kusugua lenzi yenye vumbi anaipiga msasa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo filta ya kinga, kile kioo bapa kinachozungushwa na kukazwa mbele ya lenzi, inapopata kazi yake ya kweli: kufutwa badala ya lenzi. Kazi hiyo naitetea, ila kwa sharti kwamba kioo kiwe kimepakwa tabaka za kuzuia mwanga usiakisiwe. Kisichopakwa ni afadhali kibaki dukani.

Sharti hilo linatokana na tabia ya mwanga wenyewe. Kila mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo, au unapotoka kwenye kioo kurudi hewani, karibu asilimia 4 yake hugeuzwa nyuma. Filta ina nyuso mbili, basi karibu asilimia 8 ya mwanga hupotea njiani. Upungufu huo peke yake hauna madhara makubwa, maana kamera huufidia bila mtu kujua. La kuuliza ni mwanga huo unakwenda wapi. Sehemu yake hurukaruka kati ya filta na lenzi, kisha huingia kwenye kamera na kusambaa juu ya picha nzima, ndiyo maana weusi wa suti ya bwana harusi hugeuka kijivu. Kubaya zaidi ni kule nyuma, kwa sababu kihisi cha kamera kinang'aa. Hurudisha mwanga mbele, mwanga huo hupita kwenye lenzi hadi kwenye filta, na filta huurejesha tena kwenye kihisi. Nyuso za lenzi zimepinda, hivyo mwanga unaozigonga kwa kawaida hutawanyika. Filta ni bapa, nayo huurudisha kwa mpangilio ule ule. Matokeo yake yanaonekana wazi kwa anayepiga picha usiku kwenye daraja jipya la Nile pale Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018. Kwa kila taa kali, tone la mwanga hutokea upande wa pili wa picha, limepinduliwa juu chini, likielea gizani mahali ambapo hakuna taa yoyote.

Dawa yake ilianza kuonekana kabla haijaeleweka vizuri. Mwaka 1886 mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh aligundua kwamba kioo cha zamani kilichochujuka uso hupitisha mwanga mwingi kuliko kipya, na katika miaka ya 1890 mtengenezaji wa lenzi Dennis Taylor aliliona jambo hilo hilo kwenye lenzi zilizofifia kwa uzee. Wenye lenzi hizo walizionea aibu, kumbe zilikuwa zimekuwa bora. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alipata njia ya kuupaka uso wa kioo utando mwembamba kwa kuvukiza madini ndani ya chombo kisicho na hewa. Utando wa magnesiamu floridi una unene wa karibu nanomita 100, hata mamia ya tando kama hizo zikipangwa moja juu ya nyingine hazifikii unene wa unywele. Unene huo huchaguliwa makusudi, uwe robo ya urefu wa wimbi la mwanga wa kijani likiwa ndani ya utando. Mwanga huakisiwa mara mbili, juu ya utando na chini yake, na wimbi la pili hurudi likiwa limechelewa kwa nusu wimbi. Kilele cha moja hukutana na bonde la jingine, yakafutana. Mwanga unaoakisiwa hushuka kutoka asilimia 4 hadi kama 1.3 kwa kila uso. Utando mmoja hufanya vizuri kwa rangi za katikati tu, ndiyo maana lenzi za zamani hung'aa zambarau: nyekundu na buluu ndizo zilizobaki. Tabaka nyingi zenye unene tofauti hushughulikia rangi zote kwa pamoja na kushusha kiasi hicho chini ya nusu ya asilimia. Lenzi za namna hiyo Asahi ya Japani ilizifikisha kwa wapiga picha wa kawaida mwaka 1971.

Wauzaji wengi huisifu filta kwa jambo jingine, kwamba huzuia miale ya urujuanimno. Sifa hiyo ni urithi wa enzi za filamu. Filamu ilihisi miale hiyo, na milima ya mbali, kama Elgon juu ya Mbale, ilitoka kwenye picha imefunikwa na ukungu wa buluu. Kihisi cha kamera ya sasa kina kichujio chake ndani, kwa hiyo kioo kisicho na rangi kinatosha.

Wako wapiga picha wazoefu wanaoikataa filta kabisa, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kioo chembamba hakiokoi lenzi inayoanguka. Ni kweli: filta huvunjika kwa pigo ambalo kioo kinene cha mbele kingelistahimili, vipande vyake vinaweza kuikwaruza lenzi ile ile, na pete yake ikipinda huganda isitoke. Anayenunua filta kama bima ya ajali anajidanganya. Hudi, ule ukingo wa plastiki unaozuia jua la pembeni, humpa kinga bora zaidi dhidi ya pigo. Wanaongeza kwamba mkwaruzo mmoja mbele ya lenzi hauonekani kwenye picha. Hilo nalo ni kweli, lakini haliwi hoja dhidi ya kufuta. Kufuta vumbi mwaka baada ya mwaka hakuachi mkwaruzo mmoja. Huacha michirizi hafifu uso mzima, na jua likiipiga hutawanya mwanga kama ukungu. Hudi nayo haizuii kinachopeperuka. Kila mwaka unaogawika kwa mbili, Agosti, msimu wa imbalu hufunguliwa Mutoto karibu na Mbale, na vijana wanaojiandaa kutahiriwa hucheza katikati ya umati huku wamepakwa unga na udongo. Huko, kama kwenye manyunyu ya maporomoko ya Itanda, mpiga picha atafuta kioo chake mara kwa mara, apende asipende. Canon yenyewe, kwa baadhi ya lenzi zake zilizozibwa dhidi ya vumbi na maji, huelekeza katika maelezo ya matumizi kwamba bila filta mbele kinga hiyo haijakamilika.

Kuhusu bei, kijana anayeanza kazi hana haja ya kuvisha kila lenzi. Anunue filta moja nzuri ya lenzi inayomlisha, na asipoiweza afanye kazi bila filta, akitumia hudi na kipulizo, kuliko kuweka kioo cha dirisha mbele ya kifaa cha thamani. Kukitambua kioo kisichopakwa ni rahisi, na jina lililochorwa kwenye pete lisimzuge, maana bandia ni nyingi. Akishike chini ya taa ya duka na kutazama sura ya taa ndani yake. Kioo kisichopakwa kitaonyesha taa nyeupe, kali. Kilichopakwa vizuri kitaionyesha imefifia, ya kijani au zambarau. Utando wa filta nao hukwaruzika, basi vumbi lipulizwe kwanza, lifagiliwe kwa brashi laini, ndipo kitambaa kifuate.

Hata filta iliyo bora itolewe pale taa au jua linapoingia ndani ya picha, iwe darajani usiku au machweo juu ya Nile. Itolewe pia kamera inapowekwa kwa muda mrefu. Karibu na Ziwa Victoria hewa ina unyevu, na unyevu ulionaswa kati ya filta na lenzi hulea kuvu, ambao asidi yake hula utando, nao hauwezi kupakwa upya nyumbani. Vyote viwili vihifadhiwe vikiwa vikavu, kila kimoja peke yake, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.