Mume na Mke Waliotengana: Nani Atatoa Hesabu ya Kodi?

Tuseme yuko mwalimu wa kike anayefundisha Runyenjes, katika Embu. Mumewe ana shamba la chai huko Imenti Kusini, katika Meru. Wawili hawa hawajalala chini ya paa moja kwa muda wa miaka sita. Mbuzi na ng'ombe wa mahari hawajarudishwa, wala hakuna hakimu aliyekata shauri lao. Ufikapo mwezi wa Juni kila mmoja hudhani kwamba mwenziwe ndiye atakayetoa hesabu ya mapato kwa serikali. Je, ni mtu na mkewe au si mtu na mkewe?

Wazee watajibu upesi: madhali mahari hayajarudi, huyo ni mke wa mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ni ngumu zaidi, maana hata ndoa ya kimila sasa huvunjwa na mahakama. Lakini kodi haikuufuata mwendo huo wa wazee wala wa mahakama.

Kwanza kodi ilitozwa kwa nyumba. Kodi ya nyumba ilianza katika nchi hii mwaka 1901. Boma la Embu likawekwa mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alihesabiwa nyumba tatu. Kodi ya mapato ilikuja mwaka 1937, nayo kwa miaka mingi ilihesabu mapato ya mke kuwa ni ya mume.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 iliendelea na desturi hiyo, lakini ilimhusu mke anayeishi na mumewe tu. Mke hakuhesabiwa kuwa anaishi na mumewe ikiwa wametengwa kwa amri ya mahakama, au kwa mapatano yaliyoandikwa, au ikiwa wametengana kwa namna inayoonyesha kwamba hawatarudiana. Msomaji na aliangalie neno hilo la mwisho. Halikudai cheti cha talaka, wala halikuuliza habari za mbuzi. Lilitazama jinsi watu wanavyoishi. Wengi hawakulijua, na wako wake waliodhani kwamba hawawezi kujitolea hesabu mpaka mume apende.

Siku hizi kila mtu ana namba yake ya PIN, na Katiba ya mwaka 2010 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Nafuu ya kodi, yaani shilingi 2,400 kwa mwezi, hupewa kila mlipaji awe ameoa, ameolewa au yu peke yake. Kwa hiyo mwalimu wetu hapati hasara kwa kuwa bado ni mke wa mtu, wala mumewe hapati faida.

Matata huanzia kwenye mali ya pamoja. Tuseme wana vyumba vya kupangisha mjini Chuka. Ploti ina jina la mume, lakini mke ndiye apokeaye fedha na kulipa karo ya watoto. Tangu Januari 2024 mapato ya pango yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 kila mwezi, bila kutoa gharama yoyote. Mume akinyamaza kwa kuwa hakuona hata senti, na mke akinyamaza kwa kuwa ploti si yake, deni hukua. Yafaa basi waandikiane, mbele ya wakili ikiwezekana, nani apokee pango na nani alitolee hesabu, kila mmoja akaweka nakala. Hata wasiosalimiana waweza kutia sahihi karatasi moja.

Na mke aliyepata PIN zamani, ambaye sasa hana mapato, asijidanganye. Yeye pia atatoa hesabu, hata ikiwa ni ya sufuri, kabla tarehe 30 Juni haijapita. Faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000.

Mwalimu wetu na aichukue fomu yake ya P9 kutoka kwa mwajiri, aende Huduma Centre ya Embu mapema, kabla ya ile milolongo ya wiki ya mwisho. Cheti cha ndoa akiache nyumbani, hakitahitajika.