Nguvu ya Ziada Isilale Bure

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu ukateremka kwa kasi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1983 nchi tatu, yaani Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule, ziliunda shirika la SINELAC ili maji hayo yazalishe umeme kwa faida ya wote. Mwaka 1989 mitambo ya Rusizi II ilianza kazi, ikiwa imejengwa kwa uwezo wa karibu megawati 44. Nguvu ya mitambo hiyo haikuwa ya nchi moja peke yake.

Busara hiyo yafaa pia katika jambo jipya lililoingia majumbani mwetu, nalo ni kompyuta. Katika nyumba nyingi chombo hicho hutumika saa chache tu kwa siku: mtoto hufanya masomo yake, mama huandika hesabu za kikundi, baba husoma habari. Saa nyingine huwaka bure, na akili yake hailimi wala haivuni.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1999 walianzisha SETI@home, mpango ulioazima kompyuta za watu wa kawaida ili kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani. Mwaka 2002 wakatoa BOINC, programu huria ambayo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Kazi kubwa hukatwa vipande vidogo. Kila kompyuta hupokea kipande, hukifanya mwenyewe anapopumzika, kisha hurudisha jibu.

Faida yake ilifika hata kwetu Afrika. Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Basel, Uswisi, ilitumia njia hiyo katika mpango wa MalariaControl.net kupima kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea, na jinsi vyandarua, dawa au chanjo vinavyoweza kuipunguza. Mpango huo ulifungwa mwaka 2016, lakini programu yake, OpenMalaria, imebaki wazi kwa watafiti. Mzazi yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa ajua thamani ya kazi hiyo.

Wako pia watunzi wa programu huria wanaojitolea bila mshahara. Mtunzi mwenye kompyuta ya aina moja hawezi kujua kama kazi yake itakwenda sawa katika aina nyingine. Kwa ajili yao liko kundi la mashine lililojulikana kwanza kwa jina la GCC Compile Farm, ambalo huwapa nafasi ya kujaribu kazi zao bila malipo katika mashine za namna mbalimbali.

Hata hivyo, ukarimu bila hesabu huleta majuto. Kompyuta inayovuta wati 100 humaliza yuniti moja ya umeme kwa saa 10. Familia inayonunua umeme kidogo kidogo na iweke kiasi: saa mbili au tatu zatosha, na chombo kiwe mahali penye hewa, maana hupata joto. Programu ichukuliwe kwa wenyewe walioitunga, si kwa mpita njia.

Askari na polisi wana wajibu wa ziada. Kompyuta ya kazini ni amana ya taifa, hata kama usiku kucha haina kazi. Isiazimwe wala isitiwe programu yoyote bila idhini ya mkuu. Kinachoweza kutolewa ni cha mtu mwenyewe, kwa hiari yake na kwa makubaliano ya nyumba yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Saa mbili za kompyuta moja ni kitu kidogo. Zikiungana na za maelfu ya wengine, huwa mto unaoweza kuzungusha mtambo.