Samoni wa Kizimbani Anapoingia Mtoni

Mwaka 2023 wazamiaji kutoka Norway waliingia katika mito ya Iceland na bunduki za kuchomea samaki, wakimsaka samoni mmoja baada ya mwingine. Wavu wa kizimba kimoja katika ghuba ya Patreksfjörður, Iceland, ulikuwa umetoboka, na samoni wa kufugwa wapatao 3,500 wakatoroka. Ungedhani wavuvi wa mito ile wangeshangilia kitoweo cha bure. Hawakushangilia, kwa kuwa majira ya kuzaa yalikuwa yanakaribia.

Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kunenepa, kisha hurudi kuzaa katika mto uleule. Kwa maelfu ya miaka kila mto umejijengea ukoo wake, unaojua lini kushuka na lini kurudi. Samoni wa kufugwa ana historia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafugaji wa Norway wamekuwa wakichagua wazazi wanaokua haraka, kizazi hadi kizazi. Leo, akilishwa sawa na mwenzake wa mtoni, humzidi uzito zaidi ya mara mbili. Lakini woga wa adui umempungua.

Wengi wanaotoroka hufa baharini. Wanaofika mitoni, madume yao hushindwa kugombea majike. Majike yao ndiyo hutaga kwenye changarawe, na dume la mtoni likaja kumwaga mbegu juu ya mayai hayo. Hapo ndipo damu huchanganyika.

Katika mto Burrishoole, magharibi mwa Ireland, watafiti waliwafuatilia watoto wa samoni wa asili, wa kufugwa na machotara wao tangu mayai hadi utu uzima, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Watoto wa samoni wa kufugwa walikuwa wakubwa zaidi, wakawasukuma wale wa asili kutoka sehemu nzuri za mto. Kisha wakashuka baharini, na karibu wote hawakurudi. Ukipima maisha yao yote, mafanikio yao yalikuwa kama asilimia 2 tu ya yale ya samoni wa asili. Machotara walikuwa katikati. Hili ndilo linaloniuma: mgeni anamnyima mwenyeji nafasi, halafu naye haleti kizazi.

Nchini Norway, takriban theluthi mbili ya koo za samoni zilizopimwa zimekutwa na dalili za damu ya kufugwa. Samoni wa asili wamepungua; chawa wa samoni na bahari inayobadilika navyo vimechangia, na mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi wa samoni katika mito 33.

Mtoro hutambuliwa kwa gamba. Likiwekwa chini ya hadubini huonekana pete: za samoni wa asili hubanana wakati wa njaa na kutanuka wakati wa shibe, za aliyelishwa kila siku zimepangana sawasawa. Machotara hawatambuliki hivyo. Wanahitaji kipimo cha vinasaba.

Sisi wa Ziwa Victoria tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Sato, aina ya perege, aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na ngege, perege wa asili, akakaribia kutoweka. Hata katika Ziwa Kanyaboli, Kenya, alikosalia ngege, watafiti wamekuta ana damu ya sato. Mfugaji wa vizimba, kagua wavu wako mara kwa mara, na ukiona tundu, mjulishe ofisa uvuvi siku hiyohiyo.