Udongo wa Kijivu: Funzo la Kiwanja cha Makaburi



Mhariri ameniomba mara mbili niandike habari ya kile kiwanja, nami mara mbili nimemkwepa, kwa sababu habari yenyewe hainipambi. Safari hii nimeona heri niseme. Wengi mliochanga fedha hamkuelezwa sawasawa kwa nini kiwanja kile tulikiacha, na kwa nini arubuni yetu ya dola 1,500 haikurudi. Tena yako mambo ya udongo niliyojifunza baadae ambayo yataifaa kila nyumba inayotafuta ardhi katika nchi hii, iwe ya kujenga, ya kulima au ya kuzikana.

Mtakumbuka kuwa mwaka 2019 kamati ilikuwa ikitafuta ardhi ya makaburi yetu wenyewe. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa kusini-mashariki ya Ohio, kando ya kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Ohio. Mimi na wenzangu wawili tulikwenda kukitazama mwezi wa Septemba. Mwezi ule ulikuwa mkavu mno. Ardhi ilikuwa sawa kama sakafu, barabara iko karibu, na bei ni nusu ya viwanja vya jirani. Nilipiga kisigino chini, kikalia kama nimepiga saruji. Palikuwa na nyufa ambazo kidole kinaingia. Nikatazama kijito, nikakiona kiko kama futi 15 chini yetu, nikajiambia: hapa maji yatatoka wapi? Nikarudi kwenye kamati nikashikilia arubuni ilipwe wiki ile ile, mwingine asije akatutangulia. Wenzangu walitaka tusubiri kidogo. Mimi ndiye niliyeharakisha.

Jioni moja nilimweleza shangazi yangu. Yeye kabla ya kuhamia huku alilima mpunga Unguja kwa miaka mingi. Akaniuliza, "Mmechimba?"

Nikamjibu, "Tumekiona, Shangazi. Kikavu kabisa."

Akasema, "Sikukuuliza kama mmekiona, baba. Nimekuuliza kama mmechimba."

*Siku tuliyochimba*

Hatukuchimba mpaka Februari 2020, na Shangazi alitaka aje mwenyewe. Gari tuliiacha barabarani, maana palepale penye nyufa za Septemba palikuwa na maji yaliyotuama katika alama za magurudumu. Tulipokuwa tukitembea, kila hatua viatu vilitaka kubaki. Shangazi alisimama akaninyooshea mkongojo kitu ambacho Septemba nilikipita bila kukijali: vibomba vya matope, vimo vya shubiri moja, vimejengwa donge juu ya donge, na tundu katikati. Ni kazi ya kamba wa maji baridi, anayechimba kwenda chini kuyafuata maji na kuyatupa matope juu. Shangazi hakumjua mnyama huyo, lakini alisema, "Mwenye nyumba hii anaishi majini."

Nikachimba. Inchi sita za juu zilikuwa za kahawia iliyofifia. Chini yake udongo ukageuka kijivu, kama majivu yaliyorowa, nao una madoa ya rangi ya chungwa na nyuzi za kutu zilizofuata njia za mizizi. Nilipofika futi mbili maji yakaanza kuingia kutoka ubavuni. Tulipomaliza kunywa chai kwenye gari, shimo lilikuwa limejaa karibu na mdomo.

Shangazi alichukua donge akalibonyeza. "Hiki ni kinamo," alisema. "Na kutu hizi nazijua. Ukiung'oa mpunga, mizizi yake ina kutu kama hizi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nikiwaza kaburi la futi tano, na mwanandani uliochimbwa ubavuni mwake, na maji yale.

*Kwa nini kijivu*

Baadae nilikwenda ofisi ya serikali ya hifadhi ya udongo. Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1935, na tangu 1994 inaitwa Natural Resources Conservation Service. Imechora ramani za udongo wilaya baada ya wilaya, na siku hizi mtu anaweza kuzisoma bure kwenye intaneti. Kiwanja chetu kiliandikwa humo kwa jina: Purdy. Udongo huu hupatikana katika mabonde ya Ohio, Pennsylvania, West Virginia na Kentucky, nao umewekwa katika daraja la udongo usiopitisha maji vizuri. Yote tuliyoyaona kwa jembe yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na kuyasoma ni bure. Jambo hili ndilo lililonichoma zaidi.

Mtaalamu alinieleza habari ya rangi, nami nawaeleza nilivyofahamu. Chuma kimo katika karibu kila udongo. Penye hewa, chuma hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoupa udongo wekundu, ukahawia au umanjano. Maji yakituama muda mrefu, hewa haipiti. Vijidudu vya udongoni vikikosa hewa huigeuza ile kutu ikayeyuka, maji yakaichukua, na chembe zinazobaki huwa za kijivu. Penye njia za mizizi huingia hewa kidogo, na hapo chuma hushika kutu tena. Ndiyo yale madoa ya chungwa. Mpunga nao huvuta hewa kwa ndani ya shina mpaka mizizini, ndiyo maana mizizi yake hupata kutu katika shamba lililojaa maji. Shangazi alikuwa amesoma vizuri bila kitabu.

Basi rangi ile ni kumbukumbu ya maji. Haijengeki kwa mwezi mmoja wala haifutiki kwa ukame wa mwezi mmoja. Lau tungechimba Septemba tungekuta shimo kavu, lakini kijivu tungekikuta palepale. Wataalamu hupima rangi hizo kwa kitabu cha vipande vya rangi vyenye namba, utaratibu uliotungwa na mchoraji wa Kimarekani, Albert Munsell, nao huweza kusema wakati wa kiangazi maji ya masika hufika wapi.

*Ardhi iliyojengwa na maji yaliyotulia*

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba ardhi iliyoinuka juu ya kijito haiwezi kuwa na maji. Kiwanja chetu kilikuwa juu ya kile ninachokiita kidato cha bonde, yaani uwanda wa kando ya mto ulioachwa juu kama kidato cha ngazi. Zamani za barafu, barafu ilifunika sehemu kubwa ya Ohio, lakini pembe ya kusini-mashariki haikuifikia. Maji ya barafu iliyoyeyuka yaliteremka na Mto Ohio yakibeba mchanga na changarawe nyingi, yakaijaza sakafu ya mto na kuiinua. Vijito vilivyozoea kuingia mtoni vikakuta mlango umepanda. Maji yakarudi nyuma, yakatuama mabondeni kama maziwa.

Maji yaendayo kasi hubeba mchanga, lakini yaliyotulia huangusha chembe ndogo tu, polepole, tabaka juu ya tabaka. Hivyo ndivyo ulivyowekwa udongo huu wa tope laini na mfinyanzi. Baadae mto ulipojichimbia tena chini, vijito vikaufuata, na sakafu ya ziwa la zamani ikabaki juu.

Mafuriko ya kijito hayafiki pale mara kwa mara, ni kweli. Lakini mvua hunyesha, na maji ya vilima vya nyuma huteremkia hapo. Ardhi ni sawa, kwa hiyo hayana mteremko wa kukimbilia. Chini ni mfinyanzi, kwa hiyo hayana njia ya kuzama. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na nafasi baina ya chembe hizo ni finyu mno. Udongo wa namna hii hupitisha maji chini ya inchi 0.2 kwa saa. Wakati wa joto miti na nyasi huyanywa maji na jua huyakausha, mfinyanzi husinyaa na kupasuka, na mtu kama mimi akipita hudhani amepata sakafu. Miti ikilala kwa baridi, maji hupanda mpaka karibu na uso wa ardhi na kukaa hapo hadi majira ya machipuo.

Jirani yake katika vidato hivyo hivyo uko udongo uitwao Tyler, wenye tope laini zaidi. Huo una tabaka gumu chini, waliitalo fragipani, ambalo mizizi ikilifika hugeuka na kwenda kando. Maji hukaa juu yake kama chai juu ya kisahani. Taabu ni ileile, japokuwa sababu ni nyingine.

*Je, hakuna dawa?*

Wapo walioniuliza kwa nini hatukuweka mabomba. Dawa hiyo ni ya zamani. Mhamiaji mmoja kutoka Uskochi, John Johnston, alizika vigae vya kutolea maji katika shamba lake la New York mwaka 1838, na wakulima wa Ohio wakaifuata njia hiyo kwa wingi. Lakini katika mfinyanzi bomba huvuta maji ya karibu yake tu, kwa hiyo hapana budi mistari iwe mingi na iwe karibu karibu. Tena mwisho wa bomba hutakiwa mahali pa chini zaidi pa kutolea maji. Na ardhi ikihesabiwa kuwa ardhi oevu, lazima mtu aulize kwanza kama anahitaji ruhusa ya serikali kabla ya kuigusa. Gharama ingeupita ule unafuu wa bei. Hata kwa nyumba mambo ni hayo: maji ya karo la choo hayana pa kuzama, chumba cha chini huvuja, na baridi huufanya udongo uliolowa uvimbe na kuinua barabara ndogo na ngazi za mlangoni.

Sitaki lakini mkadhani udongo huu ni laana. Pale palikuwa na mialoni ipendayo maji iliyonawiri, na vyura tuliwasikia tulipopita tena Aprili. Unguja mabonde ya kinamo ndiyo yaliyotupa wali. Mtu wa kichanga hupanda mihogo, mtu wa kinongo hupanda michungwa, na mtu wa kinamo hungoja maji apande mpunga. Wazee wetu hawakuuita udongo mbaya, waliuuliza unataka nini. Mimi niliutaka udongo upendao maji unihifadhie maiti pakavu.

*Tulipoishia*

Arubuni ilikwenda, kwa kuwa mkataba niliotia sahihi ulisema wazi kwamba hairudi. Wanachama walinisamehe kikaoni, na nawashukuru. Machi 2021 tulipata sehemu katika ardhi nyingine, maili chache kutoka pale, kwenye kidato cha mchanga na changarawe kando ya Mto Ohio wenyewe. Udongo wake kwenye ramani unaitwa Wheeling, nao hupitisha maji vizuri. Tulichimba futi tano baada ya siku mbili za mvua. Ulikuwa wa kahawia kutoka juu hadi chini, na shimo likabaki kavu.

Shangazi alifariki Februari 2023, naye ni wa tatu kuzikwa pale. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliingia kaburini mimi na binamu zangu kumpokea. Chini palikuwa pakavu.

*Wasia wangu kwa familia zetu*

Anayenunua ardhi na afanye haya kabla ya kutoa hata senti moja:

1. Asome ramani ya udongo ya wilaya ile, aandike jina la udongo, kisha aulize maji yake hukaa kina gani na miezi gani.

2. Achimbe futi tatu au zaidi, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, mahali pawili au patatu. Kahawia au nyekundu moja kwa moja ni habari njema. Kijivu chenye madoa ya chungwa karibu na juu ni maji, hata kama shimo ni kavu siku hiyo.

3. Achukue donge lililorowa alisukume baina ya kidole gumba na cha shahada. Tope laini huteleza kama unga wa ngano uliorowa. Mfinyanzi hutoa utepe. Ukizidi inchi mbili bila kukatika, afikiri tena.

4. Atazame vibomba vya kamba, nyasi za majini, na miti inayostawi hapo.

5. Akitazama wakati wa kiangazi, arudi wakati wa baridi au machipuo. Mwenye ardhi akisema hawezi kungoja, basi aachwe auze kwa mwingine.

6. Awachukue wazee. Wako wachache waliobaki waliowahi kushika jembe, na elimu yao haimo katika kitabu chochote tulichonacho nyumbani.

Nasi tuliobaki tuwe tunachimba kabla ya kusifu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena mwakani tukiwa wazima. Amin.