Gemu ya Dola 70 Ikifika Shanwe Inakuwa ya Bei Gani?

Gemu kubwa mpya, ya kompyuta au ya PlayStation 5, siku hizi hutoka ikiuzwa dola 69.99. Tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni kama 175,000. Mmarekani anayelipwa kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, anailipia kwa kazi isiyofika saa 10. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayelipwa kima cha chini cha shilingi 500,000 kwa mwezi, kilichoanza Julai 2025, anatoa zaidi ya theluthi ya mshahara. Kijana wa Shanwe, pale Manispaa ya Mpanda, anayetegemea bodaboda au kibarua cha shambani, anaumia zaidi.

Nani anapunguziwa, nani hapunguziwi

Bei za gemu hupangwa kwa kanda. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta linalomilikiwa na Valve, kampuni hiyo hupendekeza bei ya kila kanda, kisha mwenye gemu anaamua. Afrika Kusini inauziwa kwa randi. Tangu Novemba 2023, Uturuki pamoja na nchi kadhaa za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, zikiwemo Misri na Oman, zimewekewa bei yao ya dola, na kwa gemu nyingi bei hiyo ni ya chini kuliko ya Marekani.

Tanzania haimo. Tunalipa sawa na mtu wa New York. Kwa hiyo Mswahili wa Muscat, Oman, mwenye kipato kikubwa kuliko chetu, anaweza kununua gemu ileile kwa bei nafuu kuliko ndugu yake wa Mpanda. Wala hawezi kumnunulia kama zawadi: bei za nchi mbili zikipishana sana, Steam inazuia zawadi isitumwe. Kubadili nchi ya akaunti kunataka njia ya malipo ya nchi hiyo, na kudanganya kwa VPN ni kuvunja masharti. Akaunti inaweza kuwekewa vizuizi.

PlayStation ni shida nyingine, kwani Tanzania haina duka lake rasmi. Wengi hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za zawadi za nchi hiyohiyo. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na muuzaji wa kadi naye anaweka faida yake juu.

Bando ndilo nauli

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka kiwango cha chini cha bando kuwa shilingi 2.03 kwa MB. Kwa kiwango hicho, kupakua gemu ya GB 100 ni zaidi ya shilingi 200,000: nauli imeupita mzigo. Gemu ya simu ya GB 2 ni kama shilingi 4,000 tu. Ndiyo maana kabla ya kuangalia bei ya gemu, angalia ukubwa wake. Mwenye kifurushi cha mwezi kinacholipiwa kwa kasi badala ya GB ndiye pekee anayeweza kupuuza hesabu hii.

Njia nne

*Kununua mtandaoni.* Kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa inatosha, lakini angalia kwanza dola inabadilishwa kwa shilingi ngapi na kama kodi imo. Subiri punguzo la Steam la katikati ya mwaka au la Desemba. Gemu isipokufaa, omba urudishiwe pesa zako ndani ya siku 14, ukiwa hujaicheza saa 2.

*Diski iliyotumika.* Tuseme umeinunua 100,000 na kuiuza 70,000. Umecheza kwa 30,000. Gemu ya mtandaoni haiuziki tena. Hakikisha tu mashine yako ina sehemu ya diski, na ujue kuwa masasisho nayo yanakula bando.

*Gemu za bure.* eFootball imekuwa ya bure tangu 2021, na Epic Games Store hutoa gemu za bure mara kwa mara. Hatari iko kwenye koini za ndani ya gemu: weka kikomo kabla hujaanza.

*Kibanda cha gemu.* Ukilipa 500 kwa mechi, shilingi 175,000 ni mechi 350, bila kununua mashine, umeme wala bando.

Uamuzi

Asiye na mashine abaki kibandani au kwenye simu. Mwenye PlayStation anunue diski. Mwenye kompyuta asubiri punguzo, na achague gemu ndogo ya GB chache. Kununua gemu mpya ya dola 70 kwa bando la kawaida ukiwa Shanwe ni kuilipia mara mbili. Usifanye hivyo.