Ganzi ya Miguu na Dawa ya Kisukari

Mgonjwa wa kisukari anapofika kliniki akieleza kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, au kwamba kandambili humvuka bila yeye kuhisi, jibu huwa tayari: sukari imeharibu neva. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lipo jingine ambalo huachwa bila kuulizwa, nalo linahusu dawa ambayo mgonjwa huyo ameimeza kwa uaminifu kwa miaka mingi.

Dawa hiyo ni metformini. Tangu mwaka 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa, imewasaidia watu wengi mno, na sifa zake hazibishaniwi. Kasoro yake hutenda kazi kimyakimya: hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12. Vitamini hiyo hushikamana na protini maalumu inayotengenezwa tumboni, kisha hupokewa na kuta za sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mapokezi hayo huhitaji kalsiamu, na inadhaniwa kwamba hapo ndipo metformini inapoingilia.

Madhara hayaonekani mapema kwa sababu ini huweka akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa. Akiba ikiisha huja uchovu, vidonda vya ulimi, usahaulifu, kuyumba gizani, na ganzi ileile inayofanana na ya kisukari. Walio hatarini zaidi ni wazee, wanaotumia dozi kubwa kwa muda mrefu, wasiokula vyakula vitokanavyo na wanyama, na wanaomeza dawa za kiungulia kama omeprazoli.

Kwa mhudumu wa afya, mitego ni miwili. Wa kwanza ni kusubiri upungufu wa damu, ilhali neva zaweza kuharibika damu ikiwa ya kawaida. Na mgonjwa akipewa asidi ya foliki peke yake, damu huweza kutengemaa huku neva zikiendelea kuumia. Wa pili haujulikani sana: upungufu wa B12 waweza kupandisha kipimo cha HbA1c kuliko hali halisi ya sukari. Asiyelijua hilo ataongeza dozi ya metformini, yaani kuongeza kilekile kilicholeta tatizo.

Mwezi Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwashauri wahudumu wapime B12 kwa kila anayetumia metformini akiwa na dalili za upungufu. Ni ushauri unaofaa popote, hata pale ambapo sampuli italazimika kupelekwa hospitali kubwa zaidi.

Mgonjwa asiache metformini kwa hofu. Sukari isiyodhibitiwa ina madhara makubwa zaidi. Upungufu hutibiwa kwa sindano au vidonge vya B12, na kwa kawaida metformini huendelea. Maini, dagaa, samaki, mayai na maziwa vina vitamini hiyo, mchicha na maharage havina. Lakini ganzi ikishaanza, chakula pekee hakitoshi, na neva zilizocheleweshewa tiba huenda zisirudi katika hali yake.

Siku ya kliniki, mgonjwa aje na dawa zake zote, zile za kiungulia zikiwemo, na aseme alianza kuzitumia mwaka gani.