Edwin Armstrong, baba wa FM aliyemalizwa na kesi

Zamani mvua ya radi ilipoanza, wenye redio walizima. Mikwaruzo ilimeza taarifa ya habari na muziki bila kuchagua. Wahandisi wengi wa Marekani walikuwa wamekata tamaa, wakisema redio na mikwaruzo haviachani. Aliyewabishia ni Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa New York mwaka 1890.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alibuni njia ya kuyarudisha mawimbi ya redio kwenye vali ileile iliyoyakuza, yaongezwe nguvu tena na tena. Mwaka 1918, akiwa mwanajeshi Ufaransa, akabuni superheterodaini: masafa yoyote yanayoingia redioni hugeuzwa kuwa masafa mamoja yaliyo rahisi kuyakuza. Redio nyingi hadi leo hufanya kazi hivyo. Alipomuoa Marion mwaka 1923, zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubeba aliyoitengeneza mwenyewe. Marion alikuwa katibu wa David Sarnoff, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya RCA, na jina hilo la Sarnoff tutakutana nalo tena.

Katika redio ya AM, sauti husafiri kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi. Radi nayo huvuruga nguvu hiyohiyo, kwa hiyo redio haina namna ya kuvitenganisha. Armstrong akaacha nguvu ibaki palepale, akabadilisha masafa, tena kwa upana ambao wataalamu waliuona ni upotevu. Hataza za mfumo huo, yaani FM, alizipata Desemba 1933. Novemba 1935 aliwafungulia wahandisi wenzake redio ukumbini New York, matangazo yakitoka Yonkers. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikichanwa. Nadhani hakuna hotuba ambayo ingewashawishi kuliko hayo maji.

Sarnoff ndiye aliyekuwa akitamani kifaa cha kuua mikwaruzo. Alipoletewa FM, aliona mfumo mzima unaotishia biashara yake ya AM, na fedha akazielekeza kwenye televisheni. Armstrong akajenga kituo chake huko Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Mwaka 1945 serikali ikaihamisha FM kutoka masafa ya zamani hadi megahezi 88 mpaka 108, na redio zote za FM zilizokwisha kuuzwa zikawa hazina kazi.

Kabla ya hapo, mwaka 1940, RCA ilikuwa imetaka kumpa dola milioni 1 ili iruhusiwe kutumia hataza zake. Alikataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikimlipa mrabaha kwa kila redio. Kwa haki, alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya maisha, naona alikosea. Mwaka 1948 akaishtaki RCA kwa kutumia hataza zake bila kumlipa, na mawakili wa kampuni wakaivuta kesi miaka na miaka, hadi fedha zikamwishia na ndoa ikayumba. Alijitoa uhai usiku wa kuamkia Februari 1, 1954.

Marion hakuziacha kesi. Mwaka huohuo RCA ilikubali kulipa takriban dola milioni 1, kiasi kilekile alichokikataa mumewe. Kesi ya mwisho, dhidi ya kampuni ya Motorola, aliishinda mwaka 1967.